Kijiti ndani ya pindo



Siku ya posho iliyopita, tulipokuwa tunahesabu pesa za MUSO, mama mmoja aliniuliza kwa sauti kubwa: "Mwalimu, ni kweli kwako munafundishaka watoto majiki?" Wengi walicheka. Wawili watatu hawakucheka, na niliwaona. Nilijibu kwa kifupi kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia na hesabu ilikuwa haijaisha, lakini nikipanda mlima kurudi nyumbani nilijisemea kwamba swali hilo linastahili jibu zima. Nimeomba ukurasa wa juma hili kwa ajili yake.

Jibu ni ndiyo. Watoto wa kwangu wanajua michezo saba au nane ya kushangaza watu, na vifaa vyake vyote viko jikoni mwenu: gilasi, sahani, pilipili, sabuni, elastiki, yai, chumvi, kiberiti. Kwa Kiswahili cha vitabu michezo hiyo inaitwa mazingaombwe. Kwa Kifaransa neno lake linatamkwa karibu sawa na maji ya kunywa, na wanafunzi wangu hawachoki kunitania: "Mwalimu, leo tutafanya maji ya maji?" Lakini kuna mwaka mmoja ambapo mchezo huo ulikaribia kumwangamiza mtoto ndani ya nyumba yangu, na kosa la kwanza lilikuwa langu. Nitaeleza yote mawili, mchezo na kosa.

Mnakumbuka mwezi wa 3 mwaka 2020, masomo yalipofungwa nchi nzima kwa sababu ya Korona. Mimi nimezoea kusimama mbele ya watoto sitini kwenye kilasi kimoja, benchi la watoto watatu wakikaa watano. Nilidhani watoto watano nyumbani ni mapumziko. Wiki ya kwanza haikuisha, wakanishinda. Walikuwa watatu wa tumbo langu, mmoja wa shemeji, na binti wa marehemu dada yangu, mwenye miaka 9, ambaye nilimchukua mama yake alipofariki. Alikuwepo pia mama mkwe wangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Tate. Alitoka Walungu kuja Bukavu kuangalisha mguu wake, na kwa hofu ya ugonjwa akabaki kwangu. Baba watoto alikuwa Kamituga kwa kazi. Umeme ulikuja ukitaka. Saa kumi na mbili na nusu giza linaingia, bugali inaliwa, kisha nini? Watoto wanapigana, Tate analalamika, mimi naangalia ukuta wa mbao.

Jioni moja nilikumbuka somo la sayansi kwenye ISP. Mwalimu wetu aliingia siku hiyo bila kitabu, ana kikombe cha bati na sarafu moja tu mkononi. Nikatafuta sarafu. Sisi Congo tunatumia makaratasi, lakini nani hapa Bukavu hana sarafu ya Rwanda iliyobaki mfukoni tangu siku aliyovuka Ruzizi? Niliikuta moja kwenye kopo la vifungo. Nikaiweka ndani ya kikombe, chini kabisa, nikamwambia kila mtoto arudi nyuma polepole akitazama juu ya ukingo mpaka sarafu ipotee machoni, kisha asimame hapohapo asitikisike. Halafu nikamwaga maji ndani ya kikombe, taratibu ili sarafu isisogee. Sarafu ikapanda mbele ya macho yao.

Haikupanda, bila shaka. Ilibaki palepale. Mwanga unapotoka kwenye maji na kuingia hewani unapinda, kwa hiyo unaruka ukingo na kufika kwenye jicho ambalo kwanza lilikuwa haliwezi kuona. Ni sababu ileile inayofanya ziwa lionekane na kina kidogo kuliko kina chake cha kweli, na mama ambaye watoto wake wanaoga Kivu anapaswa kuijua kabla ya wao kuijua. Tate alitaka irudiwe mara nne. "Inatokaka wapi?" aliuliza kila mara, akicheka.

Kesho yake ilikuwa pilipili. Chukua sahani yenye maji, nyunyiza juu pilipili manga iliyosagwa mpaka ifunike uso wote. Mwambie mtoto achovye kidole katikati: hakuna kinachotokea. Wewe chovya chako, ambacho umekipaka sabuni kidogo kwa siri, na pilipili yote inakimbilia pembeni kama panya waliosikia paka. Uso wa maji umejivuta kama ngozi ya ngoma. Sabuni inalegeza ngozi hiyo pale inapogusa, na upande ambao haujalegea unavuta pilipili kwake. Hapa nilifundishwa na aibu. Watoto wa jirani walipokuja kuona, pilipili haikusogea hata kidogo, kwa sababu sahani nilikuwa nimeimwaga maji tu bila kuisuuza. Sabuni iliyobaki, hata kidogo namna gani, inaharibu mchezo. Suuza mara tatu, badilisha maji, futa kidole.

Kisha gilasi ya kupindua. Jaza gilasi maji mpaka mdomoni, funika kwa kipande cha jalada la kaye, shikilia jalada kwa kiganja, pindua vyote, ondoa kiganja polepole. Maji yanabaki juu. Hewa inayotuzunguka ina nguvu, inasukuma jalada kutoka chini kuliko maji yanavyolisukuma kutoka juu. Fanya juu ya beseni. Mimi sikufanya juu ya beseni, nilifanya karibu na Tate, na jalada lilikuwa limekwisha kulowa na kulegea. Maji yote kwenye kikwembe chake cha kanisa. Alicheka mpaka akakohoa. Jambo hili ninaliandika kwa kusudi. Mama huyu alicheka. Si mtu wa kuogopa kila kitu.

Sasa kijiti.

Unahitaji kitambaa chenye pindo, fulari ya kichwani inafaa, na vijiti viwili vya kiberiti. Kimoja unakiingiza ndani ya pindo kabla watu hawajakaa, kupitia mahali ambapo uzi umeachia karibu na kona. Mbele ya watu unatandaza kitambaa, unaweka kijiti cha pili katikati, unakunja kona zote juu yake. Kisha unampa mtu ashike kijiti kupitia kitambaa na kukivunja. Kumbe unamshikisha kile cha ndani ya pindo. Anavunja. Anasikia mlio, na wote wanausikia. Unapuliza, unakunjua, na kijiti kizima kinaanguka mezani. Ule mlio ndio unaowamaliza. Mtu anakubali kwamba macho yake yanaweza kudanganywa, lakini hapa ni vidole vyake mwenyewe vilivyovunja.

Usiku huo nilifanya jambo moja tofauti. Kwa sarafu, pilipili na gilasi nilieleza sababu papo hapo, huo ni ugonjwa wa walimu. Kwa kijiti sikueleza. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu wa mazingaombwe hatoboi siri yake, na nikaonja utamu wa kunyamaza huku wote wakinisihi. Tena nikamfundisha mmoja tu, binti wa dada yangu. Alikuwa mtoto wa kimya, wa kukaa pembeni tangu alipofika kwangu, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wengine wote. Nikamwambia: "Usimwambie mtu. Hata Tate."

Mngemwona! Mtoto ambaye kusalimia wageni tu kulimpa shida, sasa alisimama katikati ya nyumba na fulari yangu mkononi akiwaamuru wakubwa wanyamaze. Kwa wiki mbili watoto wa avenue walikuja mlangoni jioni, na mama zao nyuma yao wakisimama mbalimbali kwa sababu ya Korona. Yeye alichagua nani avunje. Mara nyingi alimchagua Tate, kwa heshima. Nilijivuna. Niliona nimempa mtoto kitu ambacho masomo hayakumpa.

Mguu wa Tate ukazidi kuvimba. Usiku hakulala. Akaanza kumkataza binti kumletea maji ya kunywa: "Aniletee mwingine." Nilifikiri ni uchungu tu unaoongea. Kisha akahamisha mkeka wake, akalala upande wa pili wa chumba, na rozari imezungushwa mkononi. Siku moja nilirudi kutoka soko la Kadutu nikakuta mama wa jirani amekaa naye, wakanyamaza nilipoingia. Jioni ile Tate aliniita nyuma ya nyumba, penye babula, akasema kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, uyu mutoto haiko peke yake. Kitu ikivunjika, yeye anairudisha muzima. Na yenye iko muzima, anaifanyaka nini? Mama yake alikufa namna gani?"

Jirani alikuwa amemwelekeza kwenye chumba kimoja cha maombi ambako wangemkalisha mtoto siku tatu bila kula, mpaka aseme nani alimpa. Siku walikuwa wamekwisha kuipanga. Ilikuwa siku ambayo mimi nilikuwa niende kusaini karatasi za mshahara.

Nimefundisha haki za mtoto. Najua kwamba Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inataja waziwazi kumsingizia mtoto ulozi na kusema ni jambo lililokatazwa na la kuadhibiwa. Najua kwamba Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009, kifungu cha 160, inampa anayemshitaki mtoto ulozi kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, na faini juu yake. Je, nilimsomea Tate vifungu hivyo? Hapana. Ni mama wa mume wangu, mzee wa zaidi ya miaka sabini, ana mguu unaomuuma na hofu yake ni ya kweli. Ukimpiga mtu wa namna hiyo kwa kifungu cha sheria, atanyamaza mbele yako, kisha atampeleka mtoto ukiwa umetoka. Sheria niliiweka kwa ajili ya wengine.

Na tusidanganyane kuhusu watoto wanaoangukiwa na maneno hayo. Ni yatima. Ni anayelelewa kwa ndugu. Ni anayekojoa kitandani, mwenye kifafa, au mwenye akili ya haraka kupita wenzake. Watoto wangu watatu walicheza gilasi na pilipili kila jioni na hakuna aliyewatazama vibaya, kwa sababu mama yao yupo mlangoni. Mimi ndiye niliyemchukua mtoto asiye na mama nikampa siri aibebe peke yake. Usiku kucha niligeuka-geuka kitandani na wazo hilo.

Kesho yake jioni niliwaketisha wote kabla ya chakula. Nikamwambia binti: "Siri imekwisha. Fundisha Tate." Alinitazama kama nimemnyang'anya kitu, na ni kweli nilimnyang'anya. Akachukua fulari, akakaa kwenye mkeka karibu na Tate. Tate akavuta mguu wake.

"Tate, lete mukono," binti akasema.

Hakuleta. Nilikwenda nikakaa upande mwingine, nikaushika mkono huo mimi mwenyewe, nikauweka kwenye kona ya kitambaa.

"Unasikia nini?"

"Kitu ya nguvu."

"Toa."

Alipapasa pindo, akaona pale uzi ulipoachia, akasukuma kwa kucha. Vikatoka vipande viwili vya kijiti.

"Ni ile ulivunjaka wewe," binti akamwambia. "Ile siku ya mwisho. Sikuikumbuka kutosha."

Tate alivipeleka kwenye mwanga wa mshumaa. Akavikutanisha mahali vilipovunjika, vikalingana. Akavitenga, akavikutanisha tena. Kisha akamwambia binti afanye mchezo polepole, akifuata vidole vyake kwa pua, karibu sana. Akamwambia arudie. Akamwambia arudie. Halafu akataka kufanya mwenyewe. Vidole vyake ni vya jembe na vya kumenya mihogo, kijiti kilianguka kabla ya wakati, watoto wakacheka, akawafokea kama mwenye nyumba anavyofokea. Nilipomsikia akifoka hivyo nilipumua kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Sikumbuki ilikuwa mara ya ngapi alipofaulu. Hakucheka. Alikunja fulari juu ya magoti, akauliza: "Mwalimu, mutu anaweza kuficha mufupa vilevile?"

"Mfupa gani, Tate?"

Ndipo akasimulia jambo ambalo mume wangu mwenyewe alilijua nusu-nusu tu, maana alikuwa mdogo. Binti yao wa kwanza aliugua kifua. Walimleta mtu kutoka mbali, mwenye sifa. Mtu huyo akaweka mdomo juu ya kifua cha msichana, akafyonza kwa nguvu, akatema mkononi mfupa mdogo mweusi mbele ya familia nzima. Akasema ugonjwa umetoka. Walimpa mbuzi wawili. Msichana hakupelekwa hospitali, kwani ugonjwa si umetoka, wote si waliona? Mwezi haukuisha akafa.

"Mufupa ilikuwa mu kinywa tangu mbele," Tate alisema. Hakuwa ananiuliza.

Sikupata neno. Niliwapakulia watoto, wakala, wakalala. Sisi wawili tulikaa mpaka mshumaa ukaisha.

Yaliyofuata nitayasema haraka. Nilimpeleka Tate kwenye kituo cha afya, wakakuta tension iko juu sana, wakampa dawa na kumkataza chumvi nyingi, na mguu ukaanza kupungua. Kwa wale wa chumba cha maombi nilikwenda na chef wa avenue, na nakala ya sheria ya 2009 imekunjwa ndani ya kaye. Hapo ndipo ilipofaa. Wakasema hawakuwa wamesema chochote. Vizuri. Mama wa jirani hatukusalimiana kwa muda, sasa tunasalimiana.

Binti hakugusa fulari kwa miezi mingi. Siku moja, akiwa ananisaidia kuchambua sombe, aliniuliza bila kuinua macho: "Mama mudogo, kama ningekuwa mulozi, ningejua?" Mimi mwenye diploma, mwenye majibu ya kilasi kizima, nilishikwa na koo. Nilimwambia kwamba yeye ni mtoto wangu, na kwamba swali hilo likimjia tena aniletee mimi, asilale nalo. Aliniletea mara nyingi.

Tangu hapo nyumbani kwangu hakuna mchezo unaokwisha bila siri kutajwa. Najua wenye kazi hiyo huko Ulaya wangenikasirikia. Lakini tazameni siri iliwahi kutumika kwa kazi gani. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria bwana Robert-Houdin, Mfaransa aliyesifika sana kwa mazingaombwe wakati ule, ili wenyeji waone kwamba uwezo wa Wafaransa unapita ule wa viongozi wao wa dini. Alikuwa na sanduku dogo ambalo mtoto angeliinua. Akamwita mwanaume mwenye misuli, akamwambia nguvu zake zimeondolewa, na kweli mwanaume yule akavuta asiweze hata kulitikisa. Chini ya sakafu kulikuwa na sumaku ya umeme, na sanduku lilikuwa na chuma. Siri hiyo aliieleza mwenyewe baadaye ndani ya kitabu chake, watu wakiwa wamekwisha kuogopa. Laiti mmoja tu ndani ya ukumbi ule angalikuwa amefundishwa sumaku!

Na wale wanaopita kwenye kartie zetu wakisema wanazidisha dola ndani ya bahasha? Ni kijiti ndani ya pindo. Bahasha ni mbili.

Kwa wanaotaka kuanza nyumbani, anzeni na yai, kwa sababu baadaye linaliwa. Gilasi mbili za maji zinazofanana. Ndani ya moja koroga vijiko vikubwa vitatu au vinne vya chumvi, subiri maji yawe safi. Yai linazama kwenye gilasi ya kwanza, linaelea kwenye ya pili, kwani maji ya chumvi nyingi ni mazito kuliko yai. Mwambie mtoto aonje ndipo atajua. Na yai likielea kwenye maji matupu, mama, si mazingaombwe, limekaa sana, mrudishie aliyekuuzia. Maji ya chumvi msiyamwage, yanapikia.

Elastiki ndiyo inayowapendeza wadogo. Ivalishe kwenye kidole cha shahada na cha kati. Ukikunja ngumi, ivute kwa siri upande wa kiganja ili ncha za vidole vyote vinne ziingie ndani yake. Watu wanaona mgongo wa mkono tu, kwao elastiki bado iko kwenye vidole viwili. Fungua ngumi kwa ghafla: inaruka yenyewe hadi kwenye vidole viwili vya mwisho. Inahitaji mazoezi ya siku moja, na elastiki isiyo ngumu.

Kwa wenye kuuza sokoni kuna mchezo wa namba, usiotaka kitu. Mwenzako afikirie namba bila kuitaja. Aizidishe mara mbili, aongeze 10, agawanye kwa 2, aondoe ile namba ya kwanza. Mwambie: una 5. Siri ni kwamba namba yake imekwisha kuondoka, imebaki nusu ya ile uliyomwongezea wewe. Mwambie aongeze 20 na utajua mwenyewe kinachobaki. Tate hajui kusoma, lakini mchezo huu aliushika kuliko watoto wote, kwa maana ameuza maharagwe miaka arobaini.

Mshumaa nimeusita. Unausimamisha kwenye sahani yenye maji, unauwasha, unaufunika kwa gilasi. Unazimika na maji yanapanda ndani ya gilasi. Ni mzuri, lakini sisi tunaoishi kwenye nyumba za mbao hapa Kadutu tunajua moto unachukua dakika ngapi kumaliza avenue, kwa hiyo ufanywe na mama mwenyewe, nje, ndoo ya maji pembeni. Tena naungama kosa lingine. Miaka minne nilifundisha kilasini kwamba maji yanapanda kujaza nafasi ya oksijeni iliyoungua, kama nilivyofundishwa. Mwanafunzi mmoja akasema: mbona yanapanda hasa moto ukiisha kuzimika? Alikuwa sawa. Hewa ndani ya gilasi ilipata moto na kutanuka, nyingine ikatoka. Mshumaa ukizimika inapoa na kujikunja, ndipo hewa ya nje inasukuma maji kuingia. Niliwaomba radhi watoto sitini.

Tate alirudi Walungu mwaka uleule. Alibeba fulari yangu, ile yenye tundu kwenye pindo, bila kuniomba. Shemeji anasema jioni anawakusanya wajukuu wa pale, anavunja kijiti, anakirudisha, anawaacha wapige kelele, kisha anawaita mmoja mmoja waje kugusa kona ya kitambaa.

Mimi nimenunua nyingine. Siku ya posho ijayo, baada ya hesabu, nitakuwa nayo. Wale wawili watatu ambao hawakucheka wakae mbele.